Kikombe Kimoja Bila Kisahani

Tuwan, Kitale
Alhamisi, mchana, mvua inanyesha

Mwanangu Naliaka,

Ukifika kwa wakwe zako ufungue lile sanduku la bati, chini ya blanketi, katikati ya leso mbili, utakuta kikombe kimoja cha bibi yako, Kukhu. Kimoja tu, na hakina kisahani. Najua utakachofanya. Utapekua sanduku lote, utakung'uta blanketi, halafu utakaa kitandani useme mama amenibania mpaka siku ya mwisho. Ndiyo sababu nimeikunja barua hii na kuisokomeza ndani ya kikombe chenyewe, ili kabla ya kukasirika vizuri uwe umeiona.

Tangu juzi hatusemezani. Asubuhi unaniamkia kama mgeni aliyelala kwetu kwa bahati mbaya, unaniwekea chai mezani na kutoka nje. Kununa huko hukukuokota barabarani, umekutoa kwangu, kwa hiyo sikulaumu sana. Juzi uliniomba nikukusanyie vikombe vyote vinne vya Kukhu na birika lake uende navyo Jinja, nikasema hapana. Ukasema, "Mama, waombe tu. Hii ni harusi. Nani atakataa?" Nikasema hapana mara ya pili. Uliponiuliza sababu, nikakujibu kwamba sababu ni kuwa nimesema. Hilo ni jibu la mtu asiyetaka kusema ukweli, na wewe ulilijua, ukaondoka mezani.

Leo umeenda Matisi kuwaaga wenzako wa kwaya na mvua imekufungia huko. Nimepata nafasi. Kwa mdomo nisingeweza, ningeishia kukuuliza kama umekunja nguo zako. Mambo ya kupika, kufua na kukaa na watu sitayaandika, unayajua, na usiyoyajua mama mkwe wako atakufundisha nipende nisipende. Kesho mke wa mjomba wako atakuchukua mpaka Bungoma, mimi nitabaki hapa kwa kuwa mama wa bibi harusi hasindikizi. Kwa hiyo nakusindikiza kwa karatasi.

Nianze na vyombo vilikotoka, maana umesikia vipande vipande, na vingine umevisikia kwa watu wanaopenda kutia chumvi.

Kukhu wako, mama yangu mimi, alikuwa skwota pamoja na baba, wakiishi na kufanya kazi katika shamba moja la mzungu, hapo juu unapoelekea mlimani. Mimi nilikuwa msichana wa kuchunga ndama. Mwaka mmoja wa mvua nyingi mke wa yule mzungu alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Gari lilizama kwenye matope njia ya kwenda Kitale, daktari hakufika. Kukhu aliitwa kutoka kwenye zizi, mikono bado ina harufu ya maziwa, akamzalisha. Kuhusu yaliyopita mle ndani hakuwahi kutuambia zaidi ya mambo mawili: kwamba yule mama alimshika kiganja mpaka kikabaki na alama, na kwamba wazungu nao hulia kama sisi.

Baadaye nzige walikuja wakamaliza mahindi, shamba likauzwa, na wale watu wakarudi kwao. Siku ya kuondoka yule mama alimwita Kukhu barazani akampa sanduku la mbao lililojaa majani makavu. Kwa kuona majani, Kukhu alidhani ni mayai. Alipolifungua nyumbani akakuta birika la chai, bakuli la sukari, jagi la maziwa na vikombe sita na visahani vyake, kauri nyeupe yenye maua ya bluu na ukingo wa dhahabu. Tulikuwa tumeviona vyombo hivyo kwa mbali tu, dirishani.

Tulipohamia Kimilili, baba aliazima mkokoteni wa ng'ombe. Kukhu alikataa kuweka sanduku humo, akasema magurudumu yataliua. Alilibeba kichwani njia nzima. Akateleza kwenye mto, akapiga goti, lakini sanduku hakuliachilia. Hata hivyo vikombe viwili vilivunjika pamoja na visahani vyake. Vikabaki vinne.

Jagi ndilo lililofuata, na hapo nataka usikilize. Unajua tunavyotayarisha kibuyu cha maziwa. Unachoma kijiti, unatia kaa la moto ndani, unatikisa mpaka moshi uingie, ndipo maziwa yanukie na yasiharibike. Kukhu aliambiwa jagi lile ni la maziwa. Basi alilitendea kama chombo cha maziwa kinavyostahili kutendewa na mwanamke anayejua kazi yake. Akatia kaa. Jagi likatoa mlio mmoja kama kuni mbichi, likagawanyika mkononi mwake mbele yetu sote. Sisi watoto tulikimbia tukidhani tutapigwa. Tulipochungulia alikuwa amekaa chini, vipande viko mapajani. Akasema, "Nimeiua. Nimeipenda kama kibuyu."

Hakuacha kuvipenda hivyo vingine kwa namna yake. Alivisugua kwa majivu kila alipovitumia, kama alivyosugua vyombo vyake vyote, na kabla ya mavuno mengine dhahabu yote ilikuwa imetoka. Ukikitazama kikombe ulicho nacho utaona chembe ya dhahabu karibu na mkono wa kikombe, pale kidole hakikufika. Usihangaike kutafuta nyingine.

Hakuvifungia. Hilo naona nilikumbuke vizuri, kwa sababu mimi nilikuja kuvifungia. Alikuwa na wanawake wanne waliokuwa wakimtembelea jikoni kwake na kila mmoja alikuwa na kikombe chake. Dada yangu Dina, ambaye wewe ulimwita mama mkubwa, kikombe chake kina ufa mwembamba wa rangi ya chai. Namalwa, mke mwenza wa Kukhu, chake rangi ya maua imesambaa kidogo upande mmoja. Yunia, mke wa kaka yangu, huyo atakayekusindikiza kesho, chake ni kizima kabisa, na amejivunia jambo hilo miaka yote. Changu kimemeguka mdomoni. Nilikigonga na meno nikicheka, na siku hiyo sikumbuki tulikuwa tukicheka nini.

Kukhu alipofariki wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Siku ya kunyoa nywele, mzee aliyeitwa kugawa vitu vya marehemu alianza na jembe, akaenda kwa nguo, akafika kwa vyombo. Akasema kila mwanamke achukue kikombe chake na kisahani chake, bakuli la sukari liende kwa Dina aliye mkubwa, na birika liende kwangu kwa kuwa nilimuuguza mama. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo misheni na nilijiona. Nikasimama mbele za watu, nikiwa bado na kipara cha matanga, nikamwambia mzee kwamba vitu vya namna hii huitwa seti, na seti haigawanywi, anayekabidhiwa hukabidhiwa yote. Watu wakatazama chini. Mzee yule hakukasirika. Alinijibu, "Mtoto, hapa hatugawi vikombe. Tunamgawa mama yenu, kila nyumba ipate kidogo." Nikakaa. Lakini moyoni sikukaa.

Kilichotokea baada ya hapo sikukiona kwa sababu kilikuwa karibu mno. Mimi nilikuwa na birika bila vikombe, wenzangu walikuwa na vikombe bila birika. Kwa hiyo kila Krismasi, kila mtoto akizaliwa, kila kukiwa na kilio, walikuja kwangu, na kila mmoja alikuwa na kikombe chake kimefungwa kitambaani ndani ya kikapu. Hakuna aliyepanga. Hata tulipohamia hapa Tuwan baba yako alipopata kazi ya kupakia mizigo stesheni, walikuja, Dina akitoka Bungoma juu ya magunia ya mahindi, anashuka mweupe, vumbi tupu, na jambo la kwanza ni kuangalia kama kikombe kiko salama.

Kisha tukapata kabati la kioo. Unalijua, ndilo lile ulilopenda kujitazama ndani yake. Baba yako alimpa kazi fundi mmoja kalasinga, na lilipofika nikapanga ndani birika na kikombe changu. Siku moja wakaja wake za makarani kutoka kanisani. Mmoja wao, mwanamke mwenye viatu vizuri, alitazama kabati akaniuliza kwa upole kama vikombe vingine viliibwa. Nilimimina chai kwenye vikombe vya bati. Naliaka, aibu ndogo kama ile ndiyo iliyoniharibia miaka. Hakukuwa na baya lingine lililonipata. Mtu aliuliza tu.

Nikaanza kukusanya. Kwa mama mdogo Namalwa nilipeleka blanketi nzito. Alikuwa mzee na baridi inamsumbua, akanipa kikombe akinishukuru, na mimi nikapokea shukrani zake. Kwa Yunia nilikwenda wakati wa vita, kaka yangu yuko mbali jeshini na hakuna habari zake. Nikamwambia nyasi za paa lake zinavuja na watoto wake ni wa fujo, nitamtunzia mpaka mume arudi. Mume alirudi. Kikombe sikukirudisha.

Dina alikuwa wa mwisho. Nilimkuta jikoni kwake anamlisha mwanawe mdogo uji kwa kile kikombe cha mama, uji umemwagika mpaka mkononi. Nikaona nimepata sababu. Nikamwambia haoni aibu, kitu cha mama kinachezewa na mtoto.

"Mama mwenyewe alikinywea uji," Dina akasema.

Nikasema mama hakujua thamani yake, ndiyo maana alikisugua majivu. Nimejuta maneno mengi maishani mwangu, lakini hayo ndiyo ninayoyasikia nikiwa nafanya kazi nyingine kabisa, napepeta mahindi, naanika nguo.

Dina akamaliza kumlisha mtoto bila haraka. Akakiosha kikombe, akakifuta, akanipa. Akasema, "Chukua hiyo kikombe, mdogo wangu. Lakini siku ukija kwangu utakunywa na kata ya kibuyu." Nilidhani ni utani. Dina alipenda utani.

Nilirudi Kitale nikapanga vikombe vinne kabatini na birika katikati. Seti ilitimia, nikaridhika kabisa, nisikudanganye. Ikaja Krismasi. Nilichinja kuku wawili, nikapika mchele. Wewe ulikuwa umeanza kung'oka meno ya mbele. Ulikaa mlangoni ukingoja, ukaniuliza kama mama mkubwa Dina hatakuja na kikombe chake. Nikakuambia kikombe chake kiko hapa kwetu sasa. Ukafikiri, ukasema, "Basi atakuja na nini?"

Sina hakika kama unakumbuka. Nilikutuma ukalete maji ili nisikujibu. Hakuja mtu Krismasi hiyo wala iliyofuata. Hatukugombana. Nilipotuma salamu zilirudi salamu. Ila kila mmoja alikuwa na kazi shambani, au mtoto ana homa, au barabara ina matope, na mimi nilikuwa nikifuta vumbi kwenye vikombe ambavyo havikunywewa na mtu. Nilijiambia mavuno yajayo nitampelekea Dina chake. Mavuno yalikuwa yakija na kupita.

Dereva wa lori la mahindi ndiye aliyeleta habari kwamba Dina ni mgonjwa sana. Nilikitoa kikombe kabatini siku hiyohiyo, nikakifunga kwenye kitambaa, nikapanda lori. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilipofika nilisikia kilio kabla sijaona nyumba. Maneno yangu yakabaki na mimi.

Watu wa mbali huletewa chai. Nekesa, binti yake Dina, alikuja kwangu kwa heshima, akapiga magoti, akanipa chai ndani ya kata ya kibuyu. Wengine wote walikuwa na vikombe vya bati. Nilimwangalia usoni nikaona hana chuki wala hajui lolote. Aliniambia tu kwamba mama yake alikuwa amesema, mama mdogo akija mpe kwa kata, atafurahi. Niliinywa yote. Ilikuwa na ladha ya moshi, kama maziwa ya Kukhu.

Siku ya kunyoa nywele alikuwa mzee yuleyule, sasa anashikwa mkono akitembea. Wakaleta vitu vya Dina. Jembe, nguo, bakuli la sukari, na mwisho kisahani kimoja cha maua ya bluu. Siku ile mimi nilichukua kikombe nikasahau kisahani, au Dina alikiacha kwa makusudi, sitajua tena. Alikuwa akikitumia kuwekea chumvi, na bado kilikuwa na chumvi. Mzee akakiinua, akauliza, "Hiki kidogo ni cha nani, na juu yake kulikuwa na nini?"

Watu wote walijua. Nikasimama, nikafungua kitambaa, nikakiweka kikombe juu ya kisahani mikononi mwa yule mzee. Kilitoa sauti ndogo, kauri kwa kauri. Mzee akampa Nekesa vyote viwili, akaendelea na blanketi. Hakunikemea. Ningetaka anikemee, mwanangu, ingekuwa afadhali, lakini aligawa vitu mpaka mwisho kama vile mimi nami nilikuwa mfiwa wa kawaida.

Niliporudi nilichukua vikombe viwili vya wenzangu vilivyobaki nikavipeleka mwenyewe. Mama mdogo Namalwa alikuwa ameshakufa, nikamkabidhi mke wa mwanawe, aliyenishangaa, maana hakujua kama nyumba ile iliwahi kuwa na kikombe. Yunia alinipokea mlangoni. Akakifuta kwa gauni lake, akakigeuzageuza kuona kama bado ni kizima, akaingia ndani bila kunikaribisha. Nikarudi zangu. Krismasi ya mwaka huo, tumeshakula na vyombo vimeoshwa, nikamsikia Yunia uani akikuuliza wewe, "Mama yako yuko? Mwambie nimekuja na yangu." Wewe ulipiga kelele za furaha. Mimi nilijifungia jikoni kidogo kabla ya kutoka.

Sasa nirudi kwa swali lako la juzi, nani atakataa. Hakuna. Hilo ndilo linaloniogopesha. Yunia angekupa leo hii huku anacheka, Nekesa vilevile, na mke wa mwana wa Namalwa angekufungia na kuku juu yake. Ungefika Jinja na seti iliyotimia, wageni wako wangeisifu, na hakuna ambaye angekuuliza kama vingine viliibwa. Halafu ingekuja Krismasi. Mimi nilikuwa mwendo wa lori tu na ndugu zangu hawakuja. Wewe unavuka mpaka mzima.

Ulisema pia, ukiwa umesimama pale mlangoni, kwamba nawapenda ndugu zangu kuliko wewe. Neno hilo limenila moyo siku hizi mbili. Si kweli. Nakupenda mpaka naogopa nyumba hii kesho jioni, nitakaposikia mlango unafunguka na ni baba yako tu. Nilikataa kwa sababu nilijiona ndani yako, umesimama vilevile, na sauti ileile ya mtu aliyesoma, ukiniambia seti. Niliogopa nikaonekana mkali. Ningekaa chini nikakueleza haya, lakini nilishindwa, nisamehe.

Kwa hiyo nimekupa changu. Ndicho hicho chenye mdomo uliomeguka, na pale palipomeguka ni meno yangu. Sehemu yangu ya Kukhu ndiyo hiyo, sina nyingine ila birika. Kinywee chai, kinywee uji, mtoto akija mlishe nacho na umwache amwage. Mumeo usimpe, kwa wazee wetu chombo kilichoguswa na midomo ya mama mkwe hakimfai mkwe, na ukimkumbusha hivyo atakirudisha mezani haraka kuliko alivyokishika. Usikisugue kwa majivu. Ukikisugua pia, basi. Na kikivunjika usiniandikie barua ya kuomba radhi. Njoo hivyohivyo.

Birika linabaki hapa. Ukitaka chai ya birika la Kukhu utalazimika kupanda treni, ushuke Bungoma, ukatafute lori, uje na kikombe chako kimefungwa kitambaani kama wenzako. Mimi nitakunywa kwa kata. Nilimwomba Nekesa ile ya mama yake na alinipa, inaning'inia jikoni, uliniuliza majuzi ni ya nini.

Mvua imepungua, nasikia mnacheka huko njiani, na sauti yako ndiyo kubwa kuliko zote. Nitafunga sanduku kabla hujaingia.

Kisahani sikukisahau. Nimekiweka kabatini, kwenye rafu ya katikati, kando ya birika. Hakina kitu juu yake na sitaruhusu mtu aweke.

Ni mimi mama yako